Anemoni amenywea: umwache alipo, umhamishie tangi la matibabu, au umtoe?

Anemoni wa bahari, mnyama laini mwenye minyiri anayefugwa kwenye tangi la maji ya chumvi, akinywea ghafla, mwenye tangi ana njia tatu. Ya kwanza ni kumwacha pale pale aliposhika na kurekebisha kinachomsumbua: maji, mwanga, mkondo au samaki wakorofi. Ya pili ni kumhamishia tangi dogo la matibabu na kumpa antibayotiki. Ya tatu ni kumtoa kabisa, ama apewe mtu mwenye tangi linalomfaa, ama atupwe akiwa ameshakufa. Kila njia ina mahali pake, na ikitumiwa mahali pa mwenzake huua.

Msimamo tuuseme mapema. Anemoni wa vibofu (Entacmaea quadricolor) aliyekaa kwako miezi kadhaa aachwe alipo karibu kila mara. Magnifika (Heteractis magnifica, ambaye siku hizi huandikwa pia Radianthus magnifica) au anemoni wa zulia (Stichodactyla gigantea, Stichodactyla haddoni) aliyefika wiki hii na ameanza kuvimba na kunywea huku mdomo wazi, aingie tangi la matibabu leo, asingoje wikiendi.

Kwanza, anaumwa kweli?

Anemoni hana mifupa. Umbo lake lote linatokana na maji aliyoyavuta ndani. Ili kuyabadilisha maji hayo na kutoa taka, hana budi kunywea. Mwenye afya anaweza kunywea mara moja kwa siku, hasa taa zikizimwa au saa kadhaa baada ya kula, akatoa kamasi ya kahawia yenye nyuzinyuzi, kisha akajijaza tena baada ya saa chache. Huyo usimguse. Anemoni wengi wasio na ugonjwa wowote wameuawa na matibabu.

Angalia mguu kabla ya kitu kingine. Mguu ulioshika mwamba barabara ni habari njema kuliko rangi, kuliko ukubwa, kuliko hata kula. Kisha mdomo: wa mwenye afya umefungwa, umekunjamana katikati ya sahani, yaani uso wake wa juu. Wa mgonjwa huachama mpaka mikunjo myeupe ya ndani ikaonekana, na akizidiwa utumbo hutokeza nje kama soksi iliyogeuzwa. Tatu, kunata: gusa mnyiri kwa kijiti cha plastiki. Ukishikamana na kijiti, vichomeo vinafanya kazi. Ukiteleza kama haukuguswa, amedhoofika sana. Anemoni wa zulia huchoma ngozi ya binadamu pia, hivyo vaa glavu.

Rangi huwapotosha wengi. Anemoni mweupe pe, hata akiwa mzuri wa kutazama dukani, ni anemoni aliyepoteza mwani mdogo unaoishi ndani ya tishu zake na kumlisha kwa mwanga. Wale wa manjano kali au waridi lisilo la kawaida mara nyingi wametiwa rangi na wauzaji, na chini ya rangi hiyo ni weupe vilevile. Kupauka ni njaa ya muda mrefu. Si maambukizi, na antibayotiki haina la kufanya hapo.

Kuna jambo moja zaidi linaloonekana kama kifo na silo: anemoni wa vibofu hujigawa. Mdomo huvutika, mguu hushika pande mbili zinazokwenda mbali, na siku moja au mbili baadaye wako wawili. Ukiona mguu unavutana namna hiyo, kaa mbali.

Saa ya kwanza ni ya vipimo

Njia yoyote utakayoichagua, pima kwanza, kwa sababu majibu ya vipimo ndiyo yanayochagua zaidi ya macho. Chumvi iwe 35 kwa elfu, yaani uzito mahususi wa takriban 1.026. Joto liwe 25–27°C, pH 8.0–8.4, alkalini 8–10 dKH, kalsiamu 400–450 mg/L, magnesiamu 1250–1350 mg/L. Amonia na naitraiti ziwe sifuri. Naitreti ikae kati ya 2 na 15 mg/L, fosfeti 0.03–0.1 mg/L. Hizi mbili za mwisho zikifika sifuri kabisa ni tatizo pia: mwani wa ndani unahitaji naitrojeni na fosforasi, na tangi lililochujwa kupita kiasi humpausha anemoni polepole huku mwenyewe akijisifu kwa maji safi.

Rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, isawazishwe kwa kimiminika maalumu cha 35 kwa elfu. Ukiisawazisha kwa maji matupu peke yake inaweza kukosea pale juu unapoihitaji. Chumvi iliyoshuka hadi 30 kwa sababu ya rifraktomita mbovu ni kisa cha kawaida mno, na dalili zake hufanana na ugonjwa: kusinyaa, kutembeatembea, mdomo kulegea. Ukiikuta imeshuka, ipandishe polepole, isizidi kipimo 1 kwa siku. Alkalini vivyo hivyo, dKH 1 kwa siku na si zaidi.

Ulizia pia historia ya tangi. Kama liliwahi kutumika kutibu samaki kwa dawa ya shaba, silikoni na mawe huhifadhi shaba hiyo na kuiachia polepole. Anemoni hawezi kuistahimili hata ikiwa kidogo. Tangi hilo halifai kwa njia ya kwanza wala ya pili.

| | Kumwacha na kurekebisha | Tangi la matibabu | Kumtoa |
|---|---|---|---|
| Anayefaa | Mguu umeshika, mdomo umefungwa au umelegea kidogo, amepauka, yuko kwako siku nyingi | Mgeni wa siku chache, anavimba na kunywea kila siku, mdomo wazi | Tishu zinamumunyuka na kunuka, au tangi ni changa, dogo, taa hafifu |
| Muda | Wiki 1–2 kuona mwelekeo. Miezi 2–6 kwa aliyepauka | Siku 7–10, kila siku bila kuruka | Siku hiyo hiyo |
| Gharama inakokwenda | Uvumilivu. Pengine taa | Chumvi na maji safi | Kidogo |
| Kinachoharibu | Kulisha mapema, kubadilisha mambo mengi kwa pamoja | Mguu kuchanika, joto na chumvi kutolingana | Kuchelewa, amonia |

Kumwacha na kurekebisha

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba mguu haubanduliwi. Mguu ni tishu laini, na mchubuko mdogo pale chini ndio mlango wa bakteria. Ukimbandua anemoni ambaye shida yake ilikuwa chumvi au mwanga, unamwongezea kidonda juu ya shida aliyokuwa nayo.

Utaratibu ni huu: maji kwanza, mwanga baadaye, chakula mwisho. Watu wengi hugeuza, wanaanza na chakula kwa huruma. Anemoni aliyenywea hawezi kumeng'enya. Kipande cha kamba unachomsukumia mdomoni leo hutapikwa kesho kikiwa cheupe na kinanuka, na nguvu iliyobaki imetumika bure.

Badilisha asilimia 15–20 ya maji kila siku kwa siku tatu, maji mapya yakiwa na joto lile lile. Weka kaboni mpya ya kuchujia maji, takriban gramu 50 kwa kila lita 100. Kaboni ina maana ya pekee kama unafuga matumbawe laini kama Sarcophyton, kwa sababu matumbawe hayo hutoa kemikali majini za kuwafukuza majirani, na anemoni aliye karibu huumia bila kuguswa na chochote kinachoonekana.

Kwa mwanga, anemoni wa vibofu huridhika na PAR (kipimo cha mwanga ambao mwani unaweza kuutumia) ya 150–250. Magnifika na wale wa zulia hutaka 250–400. Kipima PAR ni ghali, na ni kitu cha kuazima kuliko kununua; ukikikosa, soma tabia. Anemoni anayerefuka shingo, anakuwa mwembamba na kupanda juu ya mwamba, anatafuta mwanga. Anayejikunja na kujificha kivulini mchana amezidiwa na mwanga. Taa mpya ya LED iliyowashwa kwa nguvu zote siku ya kwanza imepausha anemoni wengi waliokuwa salama chini ya taa ya zamani. Ishushe hadi nusu, kisha iongeze kama asilimia 10 kila wiki.

Aliyepauka ana ratiba yake. Mwani uliobaki ni mchache na ni rahisi kuungua, kwa hiyo mwanga uanzie PAR 100 hivi, upandishwe kwa wiki nne hadi sita. Wakati huo chakula ndicho kinachoshika nafasi ya mwani, lakini kwa vipande vidogo kuliko unavyodhani: ukubwa wa punje ya choroko, mara tatu kwa wiki. Kamba mbichi wa sokoni anafaa kabisa, mradi hakutiwa chumvi wala dawa ya kuhifadhi. Mmenye, mgandishe, umyeyushe, umsuuze, umkate. Zima pampu dakika 10–15, weka kipande juu ya minyiri, si mdomoni kwa nguvu. Asipokishika ndani ya dakika tano kiondoe. Akikitema kabla ya siku kwisha, punguza ukubwa kwa nusu na umpumzishe siku tatu. Rangi ya hudhurungi hurudi taratibu, na miezi miwili bila badiliko kubwa si ajabu, ilimradi mguu umeshika na hapungui ukubwa. Mwenye afya hana haja ya chakula zaidi ya mara moja kwa wiki.

Mkondo usimpige upande mmoja. Minyiri iyumbe huku na huku. Ikilala yote upande mmoja siku nzima, geuza pampu. Na hapa kuna jambo ambalo halipaswi kungoja: funika kila mlango wa pampu na wa kufurika kwa sifongo au wavu wa plastiki, na uifunge hita ndani ya kizuizi. Anemoni asiyeridhika hutembea, na hutembea usiku. Aliyevutwa na pampu hukatwa vipandevipande, na vipande hivyo hutia sumu tangi zima.

Wasumbufu nao wahesabiwe. Samaki kipepeo na samaki malaika wakubwa hudonoa minyiri. Kamba wadogo wanaookoteza mabaki humwibia chakula mdomoni na kumjeruhi. Hata samaki wa anemoni mwenyewe, tunayemdhania mlinzi, humchosha mgonjwa: jike kubwa likijisugua siku nzima kwenye anemoni aliyebaki ukubwa wa kikombe, halimpi nafasi ya kufunguka. Chujio la plastiki la jikoni, lililogeuzwa juu yake na kuwekewa jiwe, humpa faragha bila kumhamisha. Hakikisha matundu yanapitisha mwanga na maji.

Pwani ya Afrika Mashariki na Ghuba kuna shida ya joto. Maji ya tangi katika chumba kisicho na kiyoyozi hupita 29°C kwa urahisi, na zaidi ya 30 mwani wa ndani huanza kufukuzwa. Feni ndogo inayopuliza uso wa maji hushusha digrii mbili hadi tatu kwa uvukizi. Uvukizi huondoa maji na kuacha chumvi, kwa hiyo rudisha upungufu kila siku kwa maji yasiyo na chumvi yaliyosafishwa kwa RO, yaani kichujio cha utando. Na umeme ukikatika usiku, shida ya kwanza ni oksijeni kabla ya joto. Pampu ya hewa ya betri ni ya bei nafuu kuliko anemoni yeyote.

Piga picha moja kwa siku, saa ile ile, kutoka sehemu ile ile. Jicho la kila siku husahau. Picha za siku kumi zinaonyesha mwelekeo. Acha njia hii na uende ya pili kama mdomo umekaa wazi saa 24 mfululizo, au ananywea kabisa zaidi ya mara mbili kwa siku kwa siku mbili, au mguu umeachia na anabingirika chini.

Tangi la matibabu

Njia hii ni ya maambukizi ya bakteria, na mgonjwa wake hutambulika kwa mtindo wa dalili zaidi ya dalili moja. Anemoni mgeni, aliyetolewa mwambani, akakaa kwenye mfuko wenye maji machache, akapanda ndege, akapitia maduka mawili, hufika na mchubuko mguuni. Siku ya kwanza hufunguka vizuri. Kisha ananywea huku mdomo wazi, anavimba tena baada ya saa kadhaa na kupendeza, ananywea tena. Kila mzunguko kunywea kunakuwa kurefu zaidi. Saa zile za kupendeza ndizo zinazowadanganya watu wakasema amepata nafuu, wakapoteza siku nne walizokuwa nazo.

Dawa inayotumiwa na wafugaji ni siprofloksasini, ambayo ni dawa ya binadamu inayotolewa kwa cheti. Ipate kwa njia halali kupitia daktari wa mifugo au daktari. Usitumie mabaki ya dozi ya mtu, na usiifanye mazoea. Haiingii kamwe kwenye tangi kuu, kwa kuwa huua pia bakteria wanaokula amonia ndani ya mawe.

Andaa tangi la lita 40, bila mchanga wala mawe. Weka hita ya wati 50–100 ndani ya kizuizi, pampu ndogo iliyofungwa sifongo, mpira wa kupitishia hewa, na taa inayotoa PAR 150–200. Chini weka kigae cha udongo kisichopakwa rangi ili awe na pa kushika. Pembeni uwe na chombo cha lita 50–60 cha kuchanganyia maji ya kesho, nacho kina hita na pampu yake. Bila chombo hiki cha pili usianze.

Kumbandua ndiyo dakika hatari kuliko zote. Kama ameshika jiwe dogo, mhamishe na jiwe lake. Kama ameshika jiwe kubwa, elekeza mkondo wa maji wa pampu ndogo kwenye ukingo wa mguu, au weka barafu ndani ya mfuko wa plastiki upande wa pili wa jiwe, kisha ingiza ncha ya kidole au kadi laini ya plastiki taratibu ukingoni pale anapoachia mwenyewe. Inaweza kuchukua dakika 20. Kisu hakina kazi hapa, na kuvuta ni marufuku.

Dozi ni miligramu 250 kwa kila lita 38–40 za maji halisi, yaani nusu ya kidonge cha 500. Saga nusu hiyo, koroga kwenye kikombe cha maji safi ya RO, chuja ganda kwa kitambaa, mwaga tangini baada ya taa kuzimwa. Hutiwa usiku kwa sababu mwanga huivunja dawa. Dozi inaonekana kubwa kwa mnyama mdogo, nayo ina sababu: dawa za kundi hili hujifunga na kalsiamu na magnesiamu, na maji ya bahari yamejaa vyote viwili, hivyo sehemu ya dawa hupotea kabla ya kufika kwa bakteria.

Asubuhi badilisha maji yote, au karibu yote, kwa maji uliyoyaandaa jana. Joto lisitofautiane hata digrii moja, chumvi iwe sawasawa. Mwachie maji ya kumfunika wakati unavuta mengine kwa mpira. Washa taa saa 8–10. Jioni, dozi nyingine. Fanya hivyo siku saba. Kama mdomo bado unalegea, fika kumi. Usimlishe muda huo wote, kwani mabaki ya chakula hupandisha amonia na tangi hili halina kichujio cha kuiondoa.

Sasa hesabu ambayo watu huisahau. Kwa siku saba, dawa ni vidonge vitatu na nusu. Maji ni lita 280 ukihesabu ya kubadilisha tu. Chumvi ya bandia huchanganywa takriban gramu 38 kwa lita kufikia 35 kwa elfu, kwa hiyo lita 40 hula kilo 1.5 kila siku, na wiki nzima kilo 10 na zaidi. Aliyeanza na mfuko wa kilo 4 ataishiwa siku ya tatu, atapunguza kiasi cha maji anayobadilisha, amonia itapanda, na anemoni atakufa huku lawama ikipewa dawa. Nunua chumvi yote kabla ya kumbandua.

Aliye karibu na bahari anaweza kutumia maji ya bahari yenyewe. Yachotwe maji yakijaa, mbali na bandari, mito na mabomba ya majitaka, na si siku chache baada ya mvua kubwa. Chuja kwa sifongo laini na upime chumvi kila unapochota, maana hubadilika.

Maji yenye dawa yasirudishwe baharini. Yaweke kwenye ndoo zenye kaboni, juani, siku nzima, kisha yaende chooni.

Njia hii hushindwa kwa namna chache zinazojirudia. Kuacha siku ya tatu kwa kuwa amefunguka vizuri: bakteria waliobaki hurudi, na safari hii dawa huwa haina nguvu kama mwanzo. Kumtibu aliyepauka tu: unampa wiki ya njaa bila sababu. Kuanza akiwa tayari anamumunyuka: hapo hakuna dawa. Kumrudisha tangi kuu lenye kasoro ile ile iliyomwangusha.

Kumtoa

Aliyekufa hutambulika kwa harufu kabla ya macho. Mguu umeachia, minyiri inakatika maji yakipita, tishu zinakuwa ute. Mtoe mara moja kwa mpira wa kuvutia maji pamoja na vipande vyote. Usimwinue kwa mkono, atasambaratika. Badilisha asilimia 30 ya maji, weka kaboni mpya, zidisha hewa, pima amonia baada ya saa mbili na tena asubuhi. Katika tangi la lita 100 anemoni mmoja mkubwa anayeoza anaweza kuondoka na samaki wote usiku mmoja.

Kumtoa aliye hai ni uamuzi mgumu zaidi, na kwa maoni yetu hufanywa mara chache kuliko inavyostahili. Tangi lenye umri chini ya miezi sita, bado linabadilika alkalini na naitreti kila wiki, si mahali pa kuuguzia. Vilevile tangi la lita 60 lenye zulia litakalofika nusu mita upana. Kama taa haiwezi kufika PAR inayotakiwa na hakuna bajeti ya nyingine, kila wiki unayosubiri ni wiki ya njaa. Mpe mwenye tangi komavu au mrudishie muuzaji anayekubali. Msafirishe kwenye mfuko mara mbili, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, ndani ya kasha la povu, bila kumlisha siku mbili kabla.

Kumwachia baharini, hata kama bahari iko mbele ya nyumba, hapana. Anemoni wa Indonesia au Karibi hana kwao Kilwa wala Malindi, na hata yule wa aina ya hapa amekaa na magonjwa ya matangi ya nchi nyingine.

Aina hubadilisha uamuzi

Anemoni wa vibofu, hasa aliyezalishwa kwenye matangi kwa kugawanywa, ndiye mvumilivu. Mpe maji sahihi na muda. Matibabu ya antibayotiki kwake ni nadra kuhitajika, isipokuwa ametoka baharini karibuni na ana mtindo ule wa kuvimba na kunywea.

Magnifika ni kinyume. Hutaka mwanga mkali, mkondo wenye nguvu na mwamba ulioinuka, na akifika na maambukizi siku chache zinatosha kumuua. Wafugaji wa pwani yetu humjua porini: ndiye mwenyeji wa Amphiprion akallopisos, yule samaki wa rangi ya chungwa hafifu mwenye mstari mweupe mgongoni, anayeonekana kwenye miamba ya Zanzibar na Kenya. Mtu akiona namna anavyotandaza sahani yake juu ya mwamba, maji yakisukuma pande zote, ataelewa kwa nini kona yenye utulivu ya tangi humnyong'onyeza. Kwa mgeni wa aina hii andaa tangi la matibabu kabla hajafika, hata kama hutalitumia.

Zulia la haddoni hukaa mchangani, na mguu wake huzama sentimita kadhaa chini. Asiyepata mchanga wa sentimita 8–10 hutangatanga na kudhoofika bila kuumwa. Huyo dawa yake ni mchanga.

Heteractis crispa ndiye anayewachanganya watu, kwa sababu huuzwa mara nyingi akiwa mweupe na wakati huo huo ni mgeni mwenye mchubuko. Ana shida mbili zinazotaka matibabu yanayopingana: dawa inataka afunge kula wiki nzima, kupauka kunataka ale. Akiwa mweupe lakini mguu umeshika na mdomo umefunga, mwache na umlishe punje za choroko. Akiwa mweupe na ananywea huku mdomo wazi, maambukizi yatamuua kabla ya njaa; anza na tangi la matibabu, taa zikiwa PAR 100 badala ya 200. Siku mbili baada ya dozi ya mwisho, mdomo ukiwa umefunga, mpe kipande kimoja kidogo humo humo kwenye tangi la matibabu na ungoje saa 24. Akikihifadhi, arudi tangi kuu baada ya kudondoshewa maji ya tangi hilo kuu polepole kwa saa moja, awekwe chini ya chujio la plastiki lililogeuzwa, na pampu zipunguzwe mpaka mguu ushike.